Shangazi Anajibu: Kabla Joto Halijaingia Ndani

Miezi ya joto ikikaribia, barua zenu hubadilika. Mawifi wakorofi na michango ya harusi hupumzika kidogo, wanaingia sisimizi, friji, taulo zinazonuka na wazee waliogoma kuvua sweta. Barua nimezifupisha, na majina nimeyaacha kama mlivyoomba. Wale walioandika kuuliza wanunue nini, someni kwanza pochi ikiwa imefungwa. Sehemu kubwa ya kutunza nyumba wakati wa joto ni kupanga saa: lipi lifanyike alfajiri, lipi lingoje jioni, na lipi lisiguswe kabisa mchana.

Shikamoo Shangazi. Mume wangu ni mtu wa madirisha. Akiamka anafungua yote na hayafungwi mpaka tunalala, anasema nyumba lazima ipumue. Mimi nataka yafungwe mchana. Kila siku ni maneno. Ikifika saa tatu usiku ndani ni tanuri, hapakaliki, na nje tayari kuna upepo mzuri. Nani kati yetu ana haki?
*Mke wa mtu wa madirisha*

Marahaba, mwanangu. Mumeo ana haki usiku, wewe una haki mchana.

Hewa ya nje ikiwa na joto kuliko ya ndani, dirisha lililo wazi haliipumzishi nyumba, linaizidishia. Kuta za saruji na matofali hunyonya joto hilo mchana kutwa, halafu jua likizama huanza kulirudisha taratibu, ndani. Ndiyo maana mnateseka saa tatu usiku wakati nje kumeshapoa. Kinachowatoa jasho saa hiyo ni ukuta, si hewa.

Alfajiri, kukiwa bado na ubaridi, fungueni kila kitu, hata milango ya vyumba, hewa ipite kutoka upande mmoja wa nyumba hadi mwingine. Dirisha moja peke yake halisaidii sana, maana hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea. Kama mna vidirisha vya juu, anzeni na hivyo, kwa sababu hewa ya moto hupanda. Jua likianza kuchoma, simama dirishani unyooshe mkono. Ukihisi hewa inayoingia ni ya moto kuliko iliyomo, funga, shusha pazia, anza na upande unaopigwa na jua. Jioni mkono huohuo utakwambia wakati wa kufungua. Mwache mumeo aifanye hiyo kazi ya kufungua, ataipenda. Kwenye unyevunyevu mwingi, ambako usiku na mchana havitofautiani sana, mambo ni mengine: huko acheni madirisha wazi lakini wekeni kivuli, kwa sababu upepo kidogo ni bora kuliko hewa iliyolala.

Kuhusu kivuli, pazia la ndani linasaidia, ila jua likishapita kwenye kioo joto limeshaingia. Kivuli cha nje hulishinda pazia lolote: turubai, mkeka uliotundikwa, mmea unaotambaa. Nimeona watu wakijifunga kwa mapazia mazito yenye mishono ya dhahabu wakati shuka kuukuu jeupe, likifungwa nje ya dirisha la magharibi, lingefanya kazi kubwa zaidi. Halipendezi, najua. Likunjeni wageni wakija.

Feni nayo imesingiziwa mengi. Haipoozi hewa. Inaharakisha jasho kukauka mwilini, na huko kukauka ndiko kunakomburudisha mtu. Kwa hiyo feni inayozunguka kwenye chumba kitupu inakula umeme bure, tena mota yake inaongeza joto kidogo. Jioni igeuzeni itazame nje ya dirisha isukume hewa ya moto itoke, na dirisha la upande wa pili liwe wazi. Shirika la Afya Duniani linashauri feni itumike joto likiwa chini ya nyuzi 40 tu, kwa sababu likizidi hapo inaupulizia mwili hewa inayouchemsha. Wenye kiyoyozi nao shirika hilohilo linawashauri wakiweke kwenye nyuzi 27 na kuwasha feni pamoja nacho, chumba kitahisika kama kimepoa nyuzi 4 zaidi. Ile mbinu ya kutundika kitambaa kibichi mbele ya feni inafaa kwenye hewa kavu. Kwenye unyevu inawaongezea unyevu tu.

Halafu tazameni vinavyotoa joto humo humo ndani. Balbu za zamani, zile za waya, hugeuza kama asilimia 90 ya umeme kuwa joto. Mwili wa mtu mzima aliyekaa tu hutoa joto la takriban wati 100, kwa hiyo wageni kumi sebuleni saa nane mchana wamewaletea wati 1,000. Sisemi msikaribishe watu. Waalikeni jioni.

Shangazi, sisimizi! Nimemwaga dawa, nimemwaga mafuta ya taa, kesho yake wamerudi kwenye mstari uleule. Wananidharau.
*Nimechoka*

Hawakudharau, wanafuata harufu. Sisimizi anayepata chakula huacha harufu njiani akirudi, na wenzake huifuata. Kuua unaowaona bila kufuta njia ni kazi ya kila siku. Chukua maji ya sabuni na kitambaa, futa mstari wote kuanzia kwenye chakula mpaka kwenye ufa wanakotokea, kisha ziba ufa. Sukari na asali ziwe kwenye mikebe yenye mfuniko unaobana. Ukiona bado wanapata pa kupitia, tumia chambo badala ya dawa ya kupuliza: asidi ya boriki kidogo sana kwenye maji ya sukari, wabebe wenyewe mpaka kwenye kiota. Huchukua siku kadhaa na inahitaji moyo wa kuwaangalia wakila bila kuwagusa. Weka pale ambapo mtoto na mnyama hawafiki, maana ni sumu. Na mafuta ya taa acha, utakuja kuchoma nyumba.

Shikamoo Shangazi. Naishi na mama mkwe, nampenda na ananipenda, ila jikoni tuna tatizo. Usiku anaacha sufuria la wali na la mchuzi juu ya jiko, asubuhi anapasha moto, tunakula. Nikimwambia tuweke kwenye friji anasema chakula cha moto kinaua friji, na kwamba yeye amelea watoto saba hivyo hivyo. Miezi hii wanangu wameshahara mara mbili. Sitaki kumvunjia heshima.
*Mkwe mwenye adabu*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa adabu. Utaihitaji.

Tuanze na lililo kweli katika maneno ya mama. Sufuria kubwa linalotoka motoni likiingizwa moja kwa moja linalipandisha joto friji zima, na vyakula vya jirani vinateseka. Hapo hajakosea. Na usiku wa baridi kiporo kinaweza kusamehewa mengi. Lakini vijidudu vinavyoharibu tumbo huzaliana kwa kasi kati ya nyuzi 5 na 60, na usiku wa joto jiko lenu liko katikati kabisa ya hapo. Kanuni ni saa 2: chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya hapo. Joto likizidi nyuzi 32, saa 1.

Wali ndio mjanja zaidi. Mchele huja na mbegu za bakteria ambazo kuchemka hakuziui. Wali ukikaa vuguvugu usiku kucha, mbegu hizo huamka na kutengeneza sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukipasha mpaka utoe moshi. Mama akikwambia "nimeuchemsha vizuri asubuhi", anasema kweli, na mtoto bado anaweza kutapika. Ndiyo maana kiporo cha wali hakipimwi kwa moto wa asubuhi. Kinapimwa kwa ulivyokipoza usiku.

Na kupoza ndiko kutakakowapatanisha. Mkimaliza kula, chakula kilichobaki kitoke kwenye sufuria kiingie kwenye vyombo vipana, kina chake kisizidi vidole vitatu hivi. Sufuria lenye kina hubaki na joto katikati kwa saa nyingi hata likiwa limepoa pembeni. Chombo kipana ukikiweka juu ya beseni la maji baridi kinapoa upesi, na kikishapoa kiasi, ndani ya friji. Friji haliuliwi na chombo cha vuguvugu. Asubuhi pasheni mpaka kila sehemu itoe mvuke, mara moja tu, na wali uwe umeisha ndani ya siku moja.

Lenyewe friji mlitazame kabla msimu haujashika. Liwe na nyuzi 4 au chini yake. Zile namba za kwenye kitufe cha ndani si nyuzi, na kwa mafriji mengi namba kubwa ndiyo baridi zaidi, kwa hiyo kipimajoto ndani ya glasi ya maji, usiku mmoja, kitakupa jibu la kweli. Bana karatasi kwenye mlango: ikichomoka bila kushikwa, mpira umelegea na baridi inatoka. Vumbi la nyuma lifutwe, na friji lisibanane na ukuta. Nyama mbichi ikae rafu ya chini kabisa isidondokee chochote. Umeme ukikatika msifungue: lililofungwa hushika baridi kama saa 4, na friza iliyojaa hufika saa 48, iliyojaa nusu saa 24.

Sasa mama. Usimpelekee somo. Mwambie, "Mama, nisaidie, mimi ndiye ninayeogopa na joto hili," kisha mkabidhi kazi ya kugawa kiporo kwenye vyombo. Mtu aliyelea watoto saba hapendi kusahihishwa jikoni, lakini akipewa madaraka atayalinda kuliko wewe. Na umwombe mumeo aseme na mama yake wakiwa wawili. Hilo si la mkwe peke yake.

Shangazi, shule zinafungwa na nimeanza kuumwa kichwa mapema. Watoto watatu, miaka 13, 9 na 5. Mimi na baba yao wote tunafanya kazi, mimi nyumbani kwenye mashine ya kushona, yeye nje. Kila likizo ya joto ni hivi: wanalala mpaka saa nne, friji linafunguliwa mara mia, vyombo vinajaa, saa nane wanapigana, na jioni baba akirudi anauliza kwa nini nyumba iko hivi. Nipe ratiba.
*Mama wa cherehani*

Ratiba nitakupa, ila kwanza hilo swali la baba. Mtu anayeuliza kwa nini nyumba iko hivi anaishi humo pia. Likizo haijaanza, kaeni wawili jioni moja, watoto wamelala, umwambie kazi za nyumba zimeongezeka kwa watu watatu kukaa ndani mchana kutwa, na mikono haijaongezeka. Usimpe orodha ya "kunisaidia". Mpe vitu viwili vitatu viwe vyake kabisa, avikumbuke mwenyewe bila kukumbushwa. Kama ni maji, maji yote ni yake: kujaza, kufunika, kusafisha vyombo. Kama ni chakula cha jioni siku fulani, hata kuwaza kipikwe nini ni kwake. Kichwa chako kinauma kwa kuwaza zaidi ya kuosha.

Watoto kulala mpaka saa nne ndiko kunakoharibu siku nzima, kwa sababu saa nzuri zote zinapita wakiwa shukani. Joto lina adabu yake: asubuhi linakuachia nafasi, mchana linachukua kila kitu, jioni linarudisha kidogo. Kazi zote zinazotoa jasho, kufagia, kufua, kudeki, kutandika, ziishe kabla jua halijapanda. Chakula cha mchana kipikwe saa hizohizo au kiwe cha kutopika, ili jiko lisiwake saa saba. Nafaka na kunde ziloweke usiku, zitachemka muda mfupi. Mfuniko juu ya sufuria wakati wote.

Mchana ni kimya. Wasilazimishwe kulala, walazimishwe kutulia, kila mmoja pake, kwenye chumba chenye giza kidogo na sakafu iliyodekiwa. Mapigano yako ya saa nane si utundu mtupu. Joto linawafanya watu wakubwa wagombane, sembuse mtoto aliyesinzia vibaya. Watenganishe kabla hawajaanza. Hapo ndipo unapata saa zako za cherehani bila kelele. Jioni watoke nje wakimbie mpaka wachoke, kisha waoge, mlango uwe wazi, hewa iingie.

Kazi zigawe kwa mtu, usigawe kwa zamu za kila siku, maana zamu huleta mabishano ya "jana ilikuwa mimi". Wa miaka 13 apike kitu kimoja mpaka akijue, na afue nguo zake. Wa miaka 9 awe mkuu wa vyombo na kuanika. Wa miaka 5 anaweza kuoanisha soksi, kumwagilia mimea, kupeleka vijiko mezani. Atamwaga maji, ndiyo, na sakafu itakauka. Mvulana au msichana sikuuliza, na wewe usiulize.

Ama friji: linafunguliwa mara mia kwa sababu ndani mna maji. Toa jagi nje, liwe na mfuniko, kila mtoto awe na kikombe chake chenye alama, na ndicho hichohicho mpaka jioni. Utashangaa vyombo vinavyopungua.

Wakikwambia wamechoshwa, hawana la kufanya, usikimbilie kuwatafutia. Mtoto akiachwa na uchovu huo kidogo huanza kubuni mwenyewe. Mimi wa kwangu nilikuwa namwambia, "Vizuri, kuna mchele wa kuchambua," na ghafla alikuwa na shughuli nyingi.

Taulo zetu zinanuka hata zikitoka kufuliwa, na mashati meupe ya mume wangu yana madoa ya njano makwapani. Nimeyapiga dawa ya klorini, yamezidi.
*Fundi wa sabuni*

Yamezidi kwa sababu ya klorini. Madoa hayo hayatokani na jasho tupu, jasho halina rangi. Hutokana na jasho kukutana na alumini iliyomo kwenye dawa nyingi za kuzuia jasho, na klorini huyafanya yawe manjano zaidi. Paka uji mzito wa soda ya kuokea na maji, acha saa moja hivi, sugua, suuza, ndipo ufue. Usipige pasi wala kukausha kwa moto kabla doa halijatoka, utalifungia humo. Mwambie mumeo asubiri dawa ikauke mwilini kabla ya kuvaa shati.

Taulo zinanuka kwa sababu hazikauki kati ya matumizi, bakteria wanastarehe. Ziacheni zitandazwe, msizitundike zimejikunja kwenye msumari. Punguza sabuni, acha dawa ya kulainisha nguo, inaacha utando unaozuia taulo kunyonya maji. Fua kwa maji ya moto, suuza mara moja kwa siki kidogo, anika juani. Lakini siki na klorini visikutane kamwe kwenye beseni moja, hutoa gesi ya kudhuru mapafu. Klorini na dawa za amonia vivyo hivyo. Kila mwaka kuna mtu anayetaka kuchanganya vyote ili "vifanye kazi kwa nguvu".

Shangazi, salaam. Mimi ni mwanamume wa miaka 50, mama alifariki na baba yangu wa miaka 81 sasa anaishi nasi. Chumba chake kinapata jua la jioni. Anavaa sweta, anafunga dirisha, anasema anasikia baridi. Maji hanywi, anasema hana kiu. Ana presha na kisukari. Mke wangu anasema nimwache, mzee anajijua. Mimi nina wasiwasi.
*Mtoto wa mzee*

Salaam, ndugu yangu. Wasiwasi wako ni wa haki, na mzee hasemi uongo. Umri ukisogea kiu hupungua hata mwili ukiwa umekauka, na ngozi haisemi kweli kuhusu joto kama zamani. Kwa hiyo neno lake "sina kiu" usilichukue kama kipimo. Agosti 2003 joto kali lilipoipiga Ufaransa walifariki watu wapatao 15,000 zaidi ya kawaida, wengi wao wazee, na wengi walikuwa peke yao ndani. Wako hayuko peke yake. Hiyo tayari ni kinga.

Usimwambie "kunywa maji". Mzee anayeambiwa kunywa maji mara kumi kwa siku atakunywa mara mbili kwa hasira. Yafungeni kwenye mambo anayofanya hata hivyo: akiamka glasi, akimeza dawa glasi nzima badala ya funda, akimaliza kuswali au kusali, akisikiliza habari. Chai isiyo na sukari inahesabika, mchuzi mwepesi unahesabika, matunda yenye maji yanahesabika kwa kiasi sukari yake inavyoruhusu. Mkojo ukiwa wa rangi iliyokoza, hajanywa vya kutosha, hata akiapa. Ila kama ana tatizo la moyo au figo, daktari ndiye apange kiasi cha maji.

Mpelekeni kwa daktari sasa, kabla ya joto, mkiwa na dawa zake zote kwenye mfuko. Baadhi ya vidonge vya presha hutoa maji mwilini, na dawa nyingine, zikiwemo za mzio na za usingizi, zinaweza kupunguza jasho. Swali ni moja: wakati wa joto kuna cha kubadilisha? Msipunguze wenyewe. Kama anachoma insulini, chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu inayogandisha, maana ikiganda imeharibika. Inayotumika isiachwe dirishani wala kwenye gari.

Chumba, kama mnaweza, mbadilishe kwa miezi hii. Mwambie wajukuu wanataka hicho chenye jua. Sweta usipigane nalo, mpe shati la pamba la mikono mirefu na shuka jepesi la kujifunika magoti. Anachotaka ni kufunikwa. Jioni mwekee beseni la maji ya kawaida, aloweke miguu, akipenda umpanguse shingo na mikono kwa kitambaa kibichi.

Halafu hili mlijue wote nyumbani, hata mtoto: mzee akianza kuchanganya maneno, akayumba, akawa wa moto sana au akapoteza fahamu, hiyo ni hatari ya maisha, si uchovu. Pigeni simu ya msaada mara moja, mweke kivulini, mvue, mmwagieni maji na mpepeeni mpaka msaada ufike. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Na mkeo msimwite mkaidi. Anayebaki na mzee mchana ni yeye, labda "mwache" yake ina maana ya "nimechoka". Chukua asubuhi na jioni za baba yako ziwe zako.

Tunahifadhi maji kwenye madumu na ndoo kwa sababu ya ukame, sasa mbu wamejaa. Tufanyeje?
*Msomaji*

Yai la mbu huwa mbu kamili ndani ya juma moja au mawili, kwa hiyo kila chombo kimwagwe na kusuguliwa mara moja kwa juma. Kusugua ndiyo muhimu: mayai ya mbu wa dengue hunata kwenye kuta za chombo na hukaa hai miezi hata kikikauka. Visahani chini ya vyungu vya maua, matairi, bakuli la kuku, vyote. Vinavyobaki na maji vifunikwe kabisa. Mbu huyo huuma mchana, chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Na kama kuna mtoto anayetambaa, ndoo zisikae chini wazi. Sentimita 5 za maji zinamtosha mtoto kuzama.

Mwanangu ana miezi minne, ana harara shingoni na mgongoni. Bibi yake anasema nimpake mafuta na nimpe maji. Namnyonyesha.
*Mama mpya*

Mafuta hapana. Harara ni vijitundu vya jasho vilivyoziba, na mafuta yanaziba zaidi. Poda nayo inaganda kwenye mikunjo na mtoto anaivuta. Mwogeshe maji ya kawaida, mkaushe kwa kumbonyezabonyeza, mvalishe nguo moja ya pamba, mwache muda bila nguo. Maji pia hapana kabla ya miezi 6: mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe ndiye unywe hayo maji ya bibi. Vipele vikitoa usaha au akapata homa, hospitali.

Shangazi, mimi nalala na feni, mke wangu anasema inampiga mbavu. Akizima naamka nimelowa. Miaka sita ya ndoa, bado hatujaelewana.
*Mlalo wa ukutani*

Kila mtu shuka lake, hata kama kitanda ni kimoja. Feni isitazame kitanda: ielekeze ukutani au darini, hewa izunguke bila kumpiga mtu. Wewe hamia upande wa feni, oga maji ya vuguvugu kabla ya kulala, na godoro mlitoe juani siku moja kabla joto halijafika. Akizima saa nane usiku, usiwashe kwa hasira. Lowesha kitambaa, weka shingoni, lala.